Uso wa Kitinda

Posta, dirisha la stempu
6 Januari

Mdogo wangu Kitinda,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani. Usinicheke kwa kukuandikia barua katika zama hizi. Kwanza mimi ni karani wa posta, na watu wanapokuja dirishani kwangu kuulizia vifurushi vya viatu tu, naona haya kwa niaba ya stempu. Pili, simu haipigiki tena katika nyumba hii. Mama akisikia sauti ya mtu asiyemwona anaanza kumtafuta nyuma ya pazia. Juzi alipochoka kutafuta aliichukua simu yangu, akaiosha kwa sabuni, akaianika. Imekauka vizuri, ila haisemi.

Hali yake ndiyo hiyo. Goti la kulia linamsumbua, na kumbukumbu inakuja na kukatika kama umeme. Asubuhi anaweza kunisimulia wodi ya wazazi aliyoiongoza, kitanda kwa kitanda, mama yupi alijifungua pacha na mume yupi alizirai mlangoni. Mchana ananiuliza kama nimerudi shule. Lakini habari yako hajaisahau hata chembe. Jana nilimwambia, "Mama, Kitinda anakusalimu." Akasema, "Ameacha kudunga nyuso za watu?" Nikamwambia bado. "Basi salamu zake zikae huko huko. Sindano ni ya mgonjwa. Sikumfundisha kushika sindano akapambe wazima."

Najua unachokitaka. Tangu uache wodi ukaenda kwenye hiyo kliniki ya ngozi, kila ukinitafuta neno ni lile lile: radhi. Unaogopa akili ya mama isije ikazima moja kwa moja kabla hajakutamkia kwamba amekuridhia. Mimi naogopa zaidi yako, kwa sababu ndiye ninayeiona ikizima. Nimekusemea mpaka mdomo umeota sugu, ni kutwanga maji kwenye kinu.

Sasa sikia. Nina likizo yangu ya mwaka na nimekata shauri nije kwako mwezi wote wa pili. Shangazi amekubali kuhamia hapa. Nakuja kupumzika, na, nikwambie kweli, nakuja na uso wangu. Msimamizi wangu alimwambia mteja, "Mpishe bibi apite," na bibi mwenyewe ndiye mimi. Nywele za mbele nazo zinarudi nyuma kila mwaka, nimekuwa mtu wa vitambaa. Sitaki kuwa msichana. Nataka tu nijitazame asubuhi nisishtuke.

Nikikaa sina raha, nikisimama sina raha. Nijibu upesi.

Dada yako,
Mkubwa


Kliniki, chumba cha wauguzi
15 Januari

Dada yangu,

Shikamoo, na hii ndiyo ile iliyokuwa njiani. Njoo. Nimeshabadilisha shuka na nimewaambia wenzangu wote kuwa dada anakuja, mpaka mpokea wageni anauliza kama wewe ni waziri.

Uso wako usiuogope. Daktari atakutazama kwanza, akiona unafaa atapanga dawa, mimi nitadunga. Sindano zetu ni fupi na nyembamba, hazishuki zaidi ya ngozi yenyewe. Tunapaka ganzi, kisha tunadunga vitone vidogovidogo vya vitamini na maji mazito yanayoishikia ngozi unyevu, kitone hapa, kitone pale, mpaka shavu zima. Utakuwa mwekundu na utavimba kidogo, huenda na vijidoa vya damu, kisha vitapotea. Kwenye nywele sikuahidi kitu. Shina likiwa hai bado huamka polepole, likiwa limekufa limekufa, na atakayekwambia vingine anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Ningetaka mama aje asimame mlangoni siku moja tu. Ni kweli wapo wanaokuja kwa ajili ya harusi. Lakini jana alikuja fundi mwashi ambaye bega lake halikuwa linapanda, alikuwa anapiga lipu kwa mkono mmoja. Tumemdunga kuzunguka bega kwa wiki kadhaa sasa, na jana aliniinulia mkono hadi juu kunionyesha, akagonga taa. Wiki iliyopita mama mmoja alijitazama kwenye kioo akalia, akasema sasa anaonekana kama mtu aliyepata usingizi. Alikuwa amemuuguza mumewe muda mrefu. Hao ni wazima au ni wagonjwa, dada? Mimi sijui, na mama hataki hata nimuulize.

Usishangae ukiniona. Kinyozi hajinyoi. Nimechakaa kuliko wewe, nina madoa mashavuni na mifuko chini ya macho. Kazini wananiambia natembea ovyo, nafungua kabati nasahau nilichokifuata. Nimekuwa kiguu na njia ndani ya jengo moja. Nikisikia tu umesema akili ya mama imekatika tena, nahisi kama mtu anayeona gari likiondoka na yeye bado anafunga kamba za viatu.

Msemeshe mara nyingine kabla hujaja. Mara moja tu.

Mdogo wako,
Kitinda


Nyumbani
9 Machi

Mdogo wangu,

Nimefika salama. Asante kwa gauni la bluu, asante kwa sanduku, asante kwa mwezi mzima wa kunilisha na kunidunga. Kazini imekuwa gumzo. Mzee mmoja alinitazama, akatazama picha kwenye kitambulisho changu, akasema ng'ombe hazeeki maini. Msimamizi hajasema bibi tena, amesema "dada", na mimi ni sawa na mama yake.

Mama hajambo. Anakula. Anakula vizuri kuliko zamani, kwa kweli.

Nina maswali, nijibu bila kuniuliza sababu. Siku ile ya ugomvi wenu mlikuwa mmesimama wapi? Neno la mwisho alilokwambia ni lipi? Chai siku hizi unakunywa na sukari au bila? Na yule rafiki yako wa chuo cha uuguzi, mwenye kicheko kikubwa, aliishia wapi?

Shangazi amerudi kwake mapema, amesema nyumba hii inamchanganya. Uso huu umeniingiza matatani nisikotarajia. Nitakueleza nikitulia, ila kutulia kwenyewe ndiko sikuoni. Jana nimegonga muhuri wa tarehe ya juzi kwenye mfuko mzima wa barua.

Dada yako,
Mkubwa


Kliniki
16 Machi

Dada, shikamoo.

Umeniua kwa neno moja, "matatani". Nimelisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikalisoma tena. Niambie haraka: kuna uvimbe uliobaki mgumu? Pana joto? Pana usaha? Umewashwa? Umepaka kitu chochote, hata kama shangazi ameapa ni kizuri? Kama kuna lolote kati ya hayo, nenda hospitali leo, usingoje barua yangu, na uwaambie ulichodungwa. Nimeambatisha jina la dawa. Daktari wetu anasema mwezi umepita, jambo kama hilo si la kawaida, lakini mimi silali. Nilikudunga kwa mkono wangu. Nikikuharibu wewe, mama atakuwa amesema kweli na mimi nitakuwa sina pa kusimama.

Maswali yako nayajibu ingawa siyaelewi. Tulisimama mlango wa jikoni. Alikuwa ameshika sare yangu ya wodi, ameipiga pasi yeye mwenyewe. Neno la mwisho lilikuwa, "Mlango huu mgonjwa hafungiwi, ila hiyo sindano yako ya urembo nitaifungia." Chai nakunywa bila sukari. Rafiki yangu yule ameolewa, ana watoto, bado anacheka.

Dada, ni mama anayeuliza haya? Niambie kama ni yeye. Nimejizuia nisiandike hivi lakini nimeshindwa. Kama ananiulizia chai ninavyokunywa, basi moyo wake umeanza kulegea, na mimi nitaacha kila kitu nije hata kesho. Nimeshamgusia msimamizi habari ya ruhusa, akaguna tu.

Nitumie picha ya uso wako. Mbele na pembeni.

Kitinda


Nyumbani
24 Machi

Mdogo wangu,

Uso wangu hauna kasoro. Ondoa hofu hiyo. Kasoro ni kwamba uso huo si wangu tena.

Nilipoteremka kwenye basi nilikuwa na gauni lako, sanduku lako, nywele ulizonikata fupi kama zako, kichwa wazi, mashavu yamejaa, na mkoba wangu unanuka spiriti ya kliniki kwa vile vitu ulivyonifungia. Mama alifungua mlango mwenyewe. Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Kitinda. Nani amekuruhusu?" Akafunga. Nikagonga, nikasema, "Mama, ni mimi Mkubwa." Akanijibu kutoka ndani, "Mkubwa yuko posta." Nilimsikia shangazi akicheka, halafu nikamsikia ameacha kucheka.

Nilisimama pale na sanduku, majirani wanachungulia. Nikagonga tena. Akauliza, "Umeacha ile kazi?" Kitinda, nilikuwa nimechoka, miguu imevimba kwa safari, na nilitaka kuingia nyumbani kwangu. Nikasema, "Nimeacha, mama." Mlango ukafunguliwa.

Nilidhani ni jambo la jioni moja. Asubuhi nikafunga kitambaa changu, nikavaa sare ya posta, nikamwamkia kama siku zote. Akasema, "Hicho kitambaa cha dada yako, mrudishie asije akakitafuta." Tangu siku hiyo mimi ni wewe. Anataka nikae naye mezani. Ananikatia mkate. Ananiuliza mambo yako, na mimi nayajibu kwa kubahatisha, ndiyo maana nikakuuliza habari ya chai. Hajauliza hata siku moja Mkubwa amekula nini.

Na wiki iliyopita alinikamata kichwa kwa mikono miwili. Nakuandikia maneno yake kama yalivyokuwa, sijaongeza wala kupunguza. Alisema, "Mwanangu, uliniudhi, nami nikakuudhi. Radhi yangu unayo, ya hapa na ya huko mbele. Nenda usijikwae." Nikasema, "Asante, mama." Ningesema nini?

Hiyo ndiyo radhi yako, Kitinda, ninayo mimi. Nimefanya kazi posta maisha yangu yote na sijapata mzigo ambao sijui kuutuma ila huu.

Utaniuliza kwa nini sikukwambia mara moja. Ni kwa sababu ananitazama. Mimi nimekaa na mama huyu miaka yote na hajapata kunitazama hivi, kwa vile mtu asiyeondoka hapokelewi. Niliona wivu nilipokuwa Mkubwa, na sasa naona wivu hata nikiwa Kitinda. Nisamehe.

Dada yako


Kliniki
30 Machi

Dada,

Nimeandika barua hii mara kadhaa na kuichana. Hii nitaituma kama ilivyo.

Umempaka mama mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi umenipaka hayo hayo. Amemridhia nani? Amemridhia mtu aliyeacha kazi. Mimi sijaacha. Leo hii asubuhi nimemdunga mshonaji ambaye shingo ilikuwa haigeuki, na baada yake msichana ambaye upara ulimfanya aache chuo. Kama nikiichukua radhi hiyo nitakuwa nimeitwaa kwa jina la mtu ambaye hayupo. Nilitaka mama anitazame mimi, na sindano yangu mkononi, aseme ndiyo au aseme hapana. Hapana yake ningeibeba. Hii ndiyo siwezi kuibeba.

Na unaniambia unanionea wivu. Wewe ndiye unayekatiwa mkate. Wewe ndiye uliyeshikwa kichwa. Mimi nimeshikwa na nani?

Mwambie ukweli. Mwambie leo, kabla hujala. Mwambie Kitinda hajaacha na hataacha, na kama atafunga mlango, aufunge.

Msimamizi amesema ruhusa labda mwishoni mwa mwezi ujao. Nitakuja hata kama ataniachisha kazi. Ikiwa hivyo, basi uongo wako utakuwa kweli na wote mtafurahi.

Kitinda


Nyumbani
11 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa safari hii shikamoo hukunipa. Umenichapa na nimechapika.

Nilimwambia ukweli. Nilimkalisha nikamwambia, "Mama, Kitinda hajaacha kazi. Mimi ni Mkubwa na nilikudanganya." Alicheka mpaka machozi. Akasema, "Wewe tangu mtoto hujui kusema uongo, na leo ndio unajifunza?" Siku ya pili nikajaribu tena, akaniambia nisimchoshe.

Lakini silo nililokusudia kukuandikia. Goti limezidi. Limejaa, hawezi kuinuka bila kushikwa pande zote. Hospitali wamempiga picha, wamesema ni kuchakaa, wamempa vidonge, na tumbo limevikataa vyote. Yule aliyekuwa akituambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, safari hii guu ni la mkuu mwenyewe. Daktari wa hapa anasema mambo yenu ya kudunga kuzunguka goti anayafahamu, hana pingamizi, mradi daktari wako asome karatasi zake. Nimezifunga ndani ya bahasha hii pamoja na picha.

Pia ana huzuni ambayo siielewi. Tangu anipe ile radhi nilitarajia atulie, lakini hatulii. Anashika vidole vyangu vya mkono wa kulia, anavitazama, anaviachia. Nikimuuliza ana nini, anasema hana kitu. Anaanza kuinuka kama anayefuata jambo, goti linamkatalia, anakaa. Na mimi nazunguka hivyo hivyo, jikoni, uani, mlangoni, bila kazi yoyote. Mtu akituona atadhani tumepoteza ufunguo.

Njoo. Njoo na sindano yako. Akikufukuza tutafukuzwa pamoja, nimeshachoka kuwa ndani peke yangu.

Dada yako,
Mkubwa


Kliniki
2 Mei

Dada yangu,

Shikamoo, na nyingine juu yake kwa ile niliyokunyima.

Nimerudi kazini salama. Tulipokuwa tunatoka mlangoni kwenda kwenye basi uliniuliza mama aliniambia nini siku ile nilipomdunga, wewe ukiwa kazini, nikakujibu hakuna kitu. Mama alikuwa amekaa dirishani anatusikiliza. Sasa nakwambia.

Umetoka tu, nikaandaa vitu vyangu mezani. Nilikuwa nimekata shauri kwamba sitamdunga kabla hajajua ni nani anayemdunga. Nikapiga magoti mbele yake, nikasema, "Mama, ni mimi, Kitinda." Akasema, "Kitinda ametoka sasa hivi." Kwa macho yake ni kweli, alikuwa amekuona ukitoka. Nikasema tena, "Mama, nitazame." Akanitazama, akatazama madoa yangu na mifuko yangu, akasema kwa upole kabisa, "Nimekuona. Wewe ni sista wa zamu ya mchana. Kanawe mikono."

Nikaenda kunawa. Niliporudi akaninusa vidole, akanirudisha. "Mpaka viwiko, sista." Nikanawa mpaka viwiko. Nilitaka kucheka na nilitaka kukimbia.

Nikaanza. Unajua kazi yetu, kitone hapa, kitone pale, kulizunguka goti. Wagonjwa wengi hutazama ukutani. Mama alikuwa anautazama mkono wangu. Halafu akasema, "Mkono mwepesi." Nikadunga kitone kingine. Akasema, "Ninaye mwanangu mdogo mwenye mkono kama huo. Mwepesi kuliko wangu, na wangu ulikuwa unasifiwa."

Nikamuuliza yuko wapi. Akasema, "Yupo hapa hapa nyumbani. Ameacha kazi. Nilimwambia aache, akaacha." Kisha akasema neno ambalo nimesafiri nalo njia nzima. Alisema, "Sikudhani angenisikiliza. Hakuwahi kunisikiliza."

Dada, ile huzuni uliyoniandikia ndiyo hiyo. Aliendelea, na mimi niliendelea kudunga, kwa sababu ningesimama angeacha kusema. "Sasa anashinda ndani. Anavaa vitambaa vya dada yake, ananimenyea viazi. Mkono ule, sista, unamenya viazi. Nimewatoa watoto wazima kwa mikono yangu sina idadi, halafu mkono wa mwanangu nimeuua mwenyewe, kwa sababu ya ukali."

Nikamwambia, "Si umwambie arudi kazini?" Akatikisa kichwa. "Mimi nikimwambia nenda, atadhani namfukuza tena. Nilishamfukuza mara moja. Mwambie wewe. Ukimwona, mwambie ashike sindano yake, awadunge anaowataka."

Nikasema nitamwambia. Akanitazama akaniuliza, "Mbona unalia? Muuguzi halii mbele ya mgonjwa." Nikafuta uso kwa bega, nikamalizia goti. Na hivyo ndivyo nilivyopewa, dada. Aliuona mkono wangu na sindano ikiwa ndani yake, akasema ndiyo. Mwenye mkono hakumjua, ila mkono aliujua. Nililia kwenye basi mpaka jirani yangu akanihamia kiti kingine, na hayakuwa machozi ya uchungu tu.

Lipo la kwako pia. Wakati napanga vitu vyangu nilimuuliza, "Na mkubwa wako je? Mbona humtaji?" Akanishangaa. Akasema, "Mkubwa namuulizia nini? Huyo hata nikifumba macho najua yupo." Usiku huo ulinikuta nimesimama mlangoni kwako nikikutazama ulivyolala, ukanifukuza kwa kukuamsha. Nilitaka kukupa neno hili, sikuweza. Lipokee sasa.

Goti nimefurahi kusoma kwenye karatasi yako fupi kwamba linakunjika. Si muujiza na wala halijapona, tutarudia daktari akisema, na yale matembezi ya kushikilia ukuta aendelee nayo. Kazi sikuachishwa. Msimamizi alinuna siku nzima, jioni akaniuliza mama anaendeleaje.

Sasa ombi. Nilikukasirikia kwa kusema kwa mdomo wangu jambo nisilolisema. Leo nakuomba ulifanye tena. Mimi nikimwambia nimerudi kazini anasikia habari za sista mgeni. Kitinda anayemjua ni wewe. Simama mbele yake, na gauni la bluu, umwambie nimerudi.

Mdogo wako,
Kitinda


Nyumbani
10 Mei

Mdogo wangu,

Nimemwambia.

Nilivaa gauni lako, nikaacha kichwa wazi. Niliogopa kuliko siku ya mlango, kwa sababu siku ile nilikuwa nasema uongo upesi na leo nilikuwa nasema kweli yako polepole. Nikasema, "Mama, nimerudi kazini. Nadunga tena." Akaweka kikombe chini. Akakizungusha mezani mpaka nikafikiri umeme umekatika. Halafu akauliza, "Unawadunga wagonjwa au wazima?"

Nikasema, "Wapo wagonjwa, wapo na wazima." Akasema, "Wazima nao huumwa." Kisha akainuka, Kitinda. Aliinuka mwenyewe, ameshika meza, akaja akanishika bega. "Basi unangoja nini hapa? Watu wamekaa kwenye benchi wanakusubiri. Nenda, usichelewe zamu." Akanisukuma mpaka mlangoni na akanitoa nje, akafunga mlango. Hakuufunga kwa hasira. Aliufunga kama anavyofunga mtu aliyewahisha mtoto wake shule.

Nikakaa kwenye ngazi. Sikujua nifanye nini. Kitinda alikuwa amekwisha kuondoka, na Mkubwa hajaonekana katika nyumba ile tangu mwezi wa pili. Nilikaa nikiwaza nikigonga ataniuliza wewe nani. Ndani nilimsikia anatembea, anashika ukuta, anasimama, anatembea. Kwa sauti ya hatua zake nikahesabu samani anazozipita. Nililia, sikufichi.

Halafu nikamsikia ananiita. Hakukuita wewe. Alikuwa anasema, "Mkubwa. Mkubwa, uko wapi? Mdogo wako ameondoka hajanywa hata chai, na wewe umekaa tu."

Nikasema, "Naam, mama, nipo." Nikaingia.

Dada yako,
Mkubwa